Muhuri wa Fundi Veysel

Kastamonu, 11 Februari 1935

Kaka yangu Rasim,

Salamu za Baba kwanza, maana amekaa hapa karibu na jiko ananitolea macho nisije nikaanza na zangu. Naandika kama anavyosema:

"Mwanangu Rasim, sisi wazima, ila kifua changu na moshi wa bati havijapatana, na hilo unalijua tangu utotoni. Neno ni hili. Serikali inataka kila nyumba iwe na jina la ukoo, na mtaa mzima umeingiwa na wazimu. Jirani yetu muuza halua kajiandikisha Helvacı, jina la kazi yake, sasa anatembea kifua mbele kama pasha. Wale wauza nyama wawili, ndugu wa tumbo moja, wamegombania nani achukue Kasap, mpaka mdogo akajiandikisha jina jingine kwa hasira, na leo ni ndugu wenye majina mawili. Mimi nataka Kalaycı, mtu wa kupaka bati. Babu yako alipaka bati masufuria ya shaba, baba yake alipaka bati, na mimi watu wananiita Kalaycı Veysel mwaka wa arobaini huu. Serikali itaandika tu kilichopo. Lakini karani anasema katika wilaya moja jina moja halipewi nyumba mbili. Anayetangulia ndiye mwenyewe. Na Idris naye analitaka. Idris, Rasim! Mtu anayechanganya risasi kwenye bati, ambaye kila harusi anayopaka vyombo vyake watu wanashika matumbo! Sasa hivi yuko vijijini na mivukuto yake hadi Sikukuu ya Kuchinja, kwa hiyo nafasi ninayo. Sijaenda kwa sababu jina hili utalibeba wewe kuliko mimi. Nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima. Nijibu."

Haya, Baba ameinuka kwenda kuswali, sasa ni mimi. Kaka, ungemwona! Kila anayeingia dukani anaambiwa habari ya jina hata kama amekuja kuuliza njia. Jana alishika kalamu akuandikie mwenyewe kwa zile herufi zake za kale za Kiarabu, kisha akaiweka. Anasema herufi zilizokatazwa asije akamponza mtu wa posta. Mtu aliyekuwa akiwasomea barua mtaa mzima, leo namsomea mimi hata karatasi ya dawa ya kikohozi! Na mimi za kwake sizijui hata moja, maana nilianza shule mwaka ule ule zilipoondolewa. Ananiita "macho yangu." Nacheka, lakini moyoni naona haya kidogo.

Jibu upesi, la sivyo atanimaliza kwa maswali.

Mdogo wako,
Nefise

*

Istanbul, 20 Februari 1935

Nefise mdogo wangu,

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ile fupi msomee Baba. Imeandikwa kwamba sina neno, achague atakalo, namwombea afya. Hii ya pili isome peke yako, kisha itie motoni.

Nimechumbia. Anaitwa Perihan, binti wa kapteni mstaafu, Cevdet Bey, wa Üsküdar. Ni watu wenye piano sebuleni. Siku ya kwanza Kapteni aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema, "Shaba." Si kweli? Akasema, "Aa, mfanyabiashara wa shaba." Mimi nikanyamaza, na kule kunyamaza kukawa ndiyo. Mara ya pili mama yake akauliza kama tuna ghala. Nikasema tunalo. Basi Nefise, nimeshajenga ghala zima kwa mdomo na sasa nimo ndani nimefungiwa.

Kapteni anataka kuona hati za nyumba yetu kabla ya uchumba kutangazwa. Zikija zimeandikwa Kalaycı, nimekwisha. Nikijichagulia jina langu mwenyewe, na sheria inaniruhusu, atauliza kwa nini mtoto na baba wana majina mbalimbali. Jina lazima liwe moja, na lisiwe hilo.

Nataka uandike Altınsoy. Wewe ndiye utakayejaza fomu. Baba atapiga muhuri.

Najua unavyonitukana hapo ulipo. Lakini wewe hukuwapo siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa zima tunapita sokoni na mwalimu. Baba alikuwa ndani ya lile sufuria kubwa la msikiti, pekupeku, mchanga na matambara chini ya nyayo, mikono ukutani, anakata kiuno kulia na kushoto kusugua kutu. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo, lakini nenda kawaambie watoto. Wenzangu wakaanza kukata viuno njia nzima. Mwalimu akaniuliza, "Yule unamjua?" Nikasema simjui. Baba alikuwa ameniona, Nefise. Aligeuza uso ukutani akaendelea kuzunguka. Jioni alinipa mkate na halua. Tangu siku hiyo kila nikisikia neno Kalaycı nawaka masikio, wala sijui kama namwonea haya yeye au najionea haya mimi.

Nisaidie.

Rasim

*

Kastamonu, 3 Machi 1935

Kaka,

Umelewa?

Altınsoy! Ukoo wa dhahabu! Dhahabu ipi, kaka? Lile jino la marehemu bibi, ambalo shangazi alizikwa akilidai? Nikiandika hivyo, punda wa soko hili watacheka mpaka mizigo idondoke.

Karatasi yako fupi nimemsomea. Alinifanya niisome mara tatu. Hapo ulipoandika "achague atakalo, jina lake ni heshima yangu" alitoa leso akasema ni moshi. Hakukuwa na moshi. Jiko lilikuwa limezimika.

Na sasa unataka mimi, ambaye ananiita macho yake, nimtie mchanga machoni? Mwambie huyo kapteni ukweli. Mficha uchi hazai, Rasim, na wewe ndiye unayetaka kuoa!

Sifanyi. Usiniandikie tena jambo hili.

Nefise

*

Istanbul, 12 Machi 1935

Nefise,

Sikulaumu. Ila nisikilize mara moja tu.

Unakumbuka ulichoniomba kiangazi kilichopita, tulipokuwa tunachuma matunda ya cheri? Ulisema unataka kuwa mwalimu, na ukanikataza nisimwambie Baba, kwa sababu hatakuwa na uwezo wa kukusomesha na ataumia. Nikioa nyumba hii, utakuja kukaa kwetu na kusoma hapa. Perihan mwenyewe amekubali, hata chumba amekionyesha, kina dirisha la upande wa bahari. Nisipooa, mimi ni karani anayelala chumba kimoja na makarani watatu, na wewe utaolewa na mtoto wa muuza halua.

Baba atapoteza nini? Hasomi hizo herufi. Mtaani wataendelea kumwita Kalaycı Veysel hadi kufa kwake. Jina la kwenye karatasi litalala kwenye kabati la serikali. Nani atalifungua?

Sikukuu imefika. Idris atarudi kutoka vijijini wakati wowote. Amua.

Rasim

*

Kastamonu, 24 Machi 1935

Kaka,

Nimefanya.

Tulikwenda Alhamisi, Baba kavaa koti la sikukuu na kanyoa. Karani alikuwa na watu wengi, akanipa fomu nijaze mwenyewe kwenye kona. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni, herufi moja moja. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nilipomaliza, Baba akasema, "Nisomee, macho yangu." Nikamsomea: "Veysel Kalaycı." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatoa muhuri wake wa shaba mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza taratibu juu ya jina ambalo sikumsomea, kisha akaangalia pembeni kama kuna mtu anayemtazama.

Njia ya kurudi alinunua halua akagawa mstari mzima wa maduka. Idris karudi siku mbili baadaye. Baba alimwambia, "Umechelewa, bwana. Tafuta jina lingine, nasikia Risasi halijachukuliwa." Soko zima likacheka, na mimi nikacheka kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Chumba hicho chenye dirisha la baharini usinitajie tena.

Nefise

*

Istanbul, 19 Mei 1935

Nefise,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Juzi uchumba ulitangazwa. Walikuja watu thelathini. Kapteni alisimama, akagonga glasi, akasema leo ana habari mbili: kwanza binti yake, pili jina la nyumba yake ambalo amelichukua asubuhi ile. Mimi nikangoja Shujaa, au Simba, au Upanga, kama wanajeshi wote. Akasema, "Saraç."

Mtu mmoja akadhani anatania. Akasema, "Babu yangu alishona matandiko ya farasi Bursa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa nta mpaka hakuweza kukunja ngumi. Nimevaa vyeo vingi, lakini vidole vile ndivyo vilivyonisomesha. Nani katika nyumba hii ana la kusema?" Watu wakapiga makofi. Mke wake akalia. Kisha akanishika bega mbele ya wote: "Na huyu kijana wetu Altınsoy, ukoo wa dhahabu! Itabidi atuvumilie sisi washona matandiko."

Walicheka, Nefise, nami nikacheka nao. Nilitamani sakafu ifunguke. Ningesema ukweli siku ile ya kwanza, yule mzee angenikumbatia. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimwogopa mtu ambaye hakuwapo, nikamuuza Baba kwa bei ambayo hata hakuna aliyeitaja.

Rudi ofisini. Mwambie karani ulikosea. Nitaandika barua yoyote itakayohitajika. Lirudishe jina la Baba kabla hajajua.

Rasim

*

Kastamonu, 2 Juni 1935

Rasim,

Maji yamekwisha mwagika.

Nilikwenda peke yangu, nikajifunika vizuri nisijulikane. Karani akasema mabadiliko ni lazima yaombwe na mwenye nyumba mwenyewe. Nikamuuliza, je, akija, Kalaycı atalipata? Akafungua daftari, akapitisha kidole. Idris amelichukua tangu tarehe tisa Aprili. Alikwenda kuuliza kwa kubahatisha tu, akaambiwa liko wazi. Na amefunga mdomo wake, kaka! Miezi miwili anapita mbele ya duka letu kila siku anasema, "Salaam aleikum, Fundi Kalaycı," na Baba anaitikia kwa furaha. Idris anangoja siku yake.

Nilikimbia.

Nilijiapiza kumwambia Baba Ijumaa. Ijumaa ilipofika alikuwa anakohoa sana. Nikasema Jumapili. Jumapili alikuwa na furaha sana. Sijui ni lini mtu anakuwa na hali inayofaa kuambiwa kwamba bintiye amemwibia. Nikimpelekea chai nashindwa kumtazama. Ameshaona, ameniuliza kama kuna kijana. Nikasema ndiyo. Nimeongeza uongo mwingine juu ya ule, na sasa anamkagua kila kijana anayepita sokoni.

Usinitume tena mahali.

Nefise

*

Kastamonu, 30 Juni 1935

Rasim,

Amejua.

Jana karani alikuja na vitambulisho vipya, akakaa mkahawani pamoja na mkuu wa mtaa, awagawie watu kwa kuita majina. Wanaume wote wa soko walikuwa humo. Mimi nilisikia kwa mke wa muuza halua, ambaye mumewe alimhadithia neno kwa neno, na yeye alinihadithia huku ananipapasa mgongo, hajui anampapasa nani.

Karani akaita, "Kalaycı!" Baba akasimama. Na Idris akasimama. Baba akamwambia, "Kaa chini, bwana, acha mchezo." Karani akasoma: "Idris Kalaycı." Idris akaenda akachukua, akarudi polepole, anakionyesha kila meza. Baba akabaki amesimama katikati ya mkahawa. Kisha karani akaita, "Veysel Altınsoy!" Mkahawa wote ukalipuka. Mtu akasema, "Ukoo wa dhahabu umejaa masizi leo!" Mwingine akasema, "Wewe Veysel, ulituambia Kalaycı, kumbe ulikuwa unatuficha usultani wako!" Idris akasema kwa sauti, "Mwacha asili ni mtumwa, jamani. Mimi niliona haya jina la kazi yetu likae yatima."

Karani mwenyewe aliona huruma. Akatoa fomu kwenye jalada, akamuuliza, "Mzee, fomu ina muhuri wako. Kuna aliyekudanganya? Sema, tuandike malalamiko, ni kosa la kisheria." Wanasema Baba aliikodolea macho ile karatasi muda mrefu, zile herufi asizozijua. Halafu akasema, "Hakuna aliyenidanganya. Nilichagua mwenyewe. Nilipenda lilivyosikika." Akachukua kitambulisho, akalipa kahawa yake, akatoka, na nyuma yake kelele.

Alipofika nyumbani aliniambia, "Nefise, makarani hawa wamechanganya karatasi, lakini si kitu." Hivyo tu. Akanawa uso. Nilikuwa nimesimama na taulo mkononi. Rasim, mimi ni mtu wa namna gani? Nilimpa taulo!

Usiku hakula. Leo asubuhi kaniomba karatasi na wino. Ameandika kwa herufi zake mwenyewe, akaikunja, akanipa niandike bahasha tu. Iko humu. Nimeitazama mpaka macho yananiuma. Ni mistari tu, kama nyayo za ndege kwenye theluji. Ameandika nini? Ananilaani? Ni stahili yangu. Nisomee, kila neno, usiniruke hata moja. Wewe na mimi tunajua jinsi mtu anavyoweza kusomewa.

Nefise

*

Jumapili, mwezi wa Mfungo Sita unaelekea kuisha

Mwanangu Rasim,

Mkono umesahau kidogo, nisamehe mwandiko. Miaka saba sijaandika barua.

Nimejua lililotokea, na nimejua limetoka kwako. Yule mtoto asingeweza kubuni jina kama lile, yeye anapenda vitu vya kweli. Sikuulizi kwa nini. Nadhani najua kwa nini tangu ulipokuwa na miaka kumi na moja.

Nataka nikwambie kilichonipata mkahawani. Nilipoona ile karatasi nilitambua muhuri wangu na nikatambua mwandiko wa Nefise, kwa maana hata usipojua kusoma, mkono wa mtoto wako unaujua. Karani akasema ni kosa la kisheria. Nikamwona binti yangu mbele ya hakimu. Kwa hiyo nikasema uongo, mbele ya watu wote niliofanya nao kazi maisha yangu yote. Sasa wananiona mzee mwenye majivuno aliyekana kazi ya baba yake. Hilo limeniuma kuliko jina, nisikufiche. Nimeona haya jana kama sijawahi. Leo sikufungua duka.

Maombi yangu ni matatu. La kwanza, Nefise anadhani nimeamini ni kosa la makarani. Mwache adhani hivyo. Hali chakula tangu Machi, na nilimsumbua bure kwa habari za vijana. La pili, usiende mahakamani kulirekebisha. Nimeshasema kwa kinywa changu kwamba nililichagua. Ukilibadilisha, utanifanya mwongo rasmi, na utamwanika yule mtoto. Liache.

La tatu, usinialike harusini. Si kwa hasira. Nikija nitaulizwa kazi yangu, nami sijui kazi nyingine ya kutaja, na sitaki kukuona ukimeza mate.

Kula vizuri. Vyombo vya hapo unapokula, tazama bati lake. Likiwa na weusi chini, usile.

Baba yako,
Veysel

*

Istanbul, 9 Julai 1935

Nefise,

Nimekunakilia barua ya Baba kwa herufi zako, kila neno, karatasi nyingine humu. Utaona kwamba amenikataza nisikwambie. Nimevunja ombi lake la kwanza. Nimekaa nayo siku tatu nikitafuta jinsi ya kukusomea kwa upole, nikaona ndivyo tulivyoanza, kwa kusomeana kwa upole. Kwa hiyo ujue: anajua ni mkono wako, na alikulinda akijua.

Aligeuza uso ukutani tena, kama siku ile ya sufuria, ili mimi nipite.

Jana nilikwenda Üsküdar. Nilimwambia Kapteni yote mbele ya Perihan na mama yake: bati, sufuria, ghala ambalo halipo, fomu, mkahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kijana, ungeniambia baba yako anafagia barabara ningekupa binti yangu na dua juu. Lakini umemfuta mzee kwenye daftari lake mwenyewe. Kesho nikizeeka, mimi utaniandika nani?" Perihan aliivua pete akaiweka juu ya piano. Hakulia. Alikuwa ananionea haya, Nefise, nami uso ule naujua, niliwahi kuuvaa.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja. Sijui nitasema nini nikifika. Usimwambie.

Rasim

*

Kastamonu, 14 Septemba 1935

Kaka,

Tangu ulipoondoka nyumba iko kimya, lakini si kimya kile cha kiangazi. Baba bado anahadithia jinsi ulivyoingia sokoni na sanduku lako, ukavua viatu na soksi mbele ya Idris na mkahawa mzima, ukapanda ndani ya sufuria. Anasema hujui kazi kabisa. Anasema ulikuwa unakata kiuno kama bibi harusi na kutu haikutoka hata chembe, siku tatu, na ilibidi arudie yote ulipoondoka. Anasema hivyo kwa kila mtu. Watu nao wamekuwa wakikucheka wewe, na yeye wamempunguzia. Sijui kama ulikusudia.

Lakini sikuandika kwa hilo.

Nilipompigia magoti usiku ule, na wewe uko mlangoni, nilidhani akinisamehe nitapona. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi, akaniambia niinuke, sakafu ina baridi. Sikupona. Nilimwambia basi sitaki tena ualimu, maana nilimuuza kwa ajili ya huo. Akakasirika mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze! Akasema, "Umeshanunua kitu kwa bei kubwa, sasa unataka kukitupa?" Akauza mivukuto ya akiba bila kuniuliza, akaniandikisha kwenye mtihani wa kuingia chuo cha walimu.

Mtihani ulikuwa jana. Wazazi walikaa na watoto wao kwenye mabenchi ya ukumbini, na msimamizi akawa anaita majina ya ukoo mlangoni. Binti yake Idris alikuwapo, na Idris mwenyewe. Waliita "Kalaycı," yule msichana akaenda. Baba alitazama buti zake.

Halafu wakaita, "Altınsoy."

Nilishindwa kuinuka. Mbele ya Baba, mbele ya Idris, niitikie jina lile kwa mdomo wangu? Msimamizi akaita mara ya pili. Watu wakaanza kugeuka wakitafutana. Nikasema moyoni, acha lipite, acha waseme hayupo. Akaita mara ya tatu, akashika kalamu akate.

Baba ndiye aliyesimama. Akavua kofia, akasema kwa sauti ya sokoni, "Tupo," akanishika mkono akanipeleka mpaka mlangoni.

Nefise Altınsoy